Mkono wa Zamu

Kila Jumatatu asubuhi, akishamaliza chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha, tabibu Kitwana Jumbe aliuvua mkono wake wa kulia kwenye kifundo, akaufuta kwa kitambaa na kuulaza juu ya shashi safi ndani ya bakuli la bati. Kati ya vidole vya mkono huo uliolala bakulini aliacha ufunguo wa kabati la dawa. Kisha aliingiza mfukoni mkono wa shati uliobaki mtupu, akapanda baiskeli na kuondoka akishika usukani kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na zahanati nyingine za kuhudumia upande wa pili wa reli, na barabara ya Soga wakati wa mvua haikumsubiri mtu.

Akishaondoka, mkunga Bi Tatu Shomari aliufunika mkono kwa shashi ya pili ili nzi wasiusumbue, halafu akafagia.

Hii ilikuwa katika kijiji cha Mkongeni, mwaka wa pili tangu watu waondolewe mashambani mwao na kupangwa kwa mistari kando ya njia. Zahanati ilikuwa mpya, ya matofali, na kabati lake la dawa lilikuwa na mlango wa kioo ili mgonjwa aone kwamba serikali haikumsahau.

Sheria ilikuwa wazi, na Bi Tatu aliijua kama alivyoijua Fatiha. Mkunga mwenye leseni kama yeye aliruhusiwa kumpokea mtoto, kukata kitovu, kumwosha mzazi, na mambo yakiharibika, kumfunga kidevu. Dawa za kabatini hazikuwa zake. Hata ile sindano ya kukaza kizazi, ambayo mzazi asipoipata damu huendelea kutoka mpaka hakuna tena ya kutoka, ilikuwa ni ya tabibu kuitoa kabatini na si ya mkunga. Mke wa Mwishehe alifariki juu ya kitanda cha zahanati hiyo akiitazama sindano kwenye kioo, siku ambayo Kitwana alikuwa ng'ambo ya reli akimtibu mtoto wa degedege.

Kitwana hakuwa mtu mbaya. Baada ya mazishi alikwenda Kisarawe, kwenye Ofisi ya Usimamizi wa Zahanati, kuomba Bi Tatu aruhusiwe kutoa dawa mwenyewe. Mkuu wa ofisi, Bwana Saburi, alimwagizia soda, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba ruhusa ya namna hiyo yeye hanayo. Walio nayo wako mjini, na wa mjini nao wanawasubiri walio juu yao. Kitwana alirudi na hakula usiku huo. Jumatatu iliyofuata ndipo alipouacha mkono. Hakueleza aliuvuaje na hakuna aliyemwuliza. Mtu akichoka hufanya lile lililo karibu naye.

Bwana Saburi alipokuja kukagua aliinama juu ya bakuli, akaushika ule mkono na kuutikisa kwa salamu, akaridhika. Alisema hapa utaratibu umefuatwa. Aliomba tu uwekwe mbali na panya.

Ulikuwa mkono tu. Haukuona wala haukusikia, na kama ungeulizwa kizazi kiko wapi usingejua pa kuanzia. Mzazi akizidiwa, Bi Tatu aliubeba hadi kwenye kabati kama mtu anavyobeba mtoto wa jirani, akaugusa kidole alichokubaliana nao kwa dawa ile, nao ukazungusha ufunguo, ukapapasa, ukatoa chupa ndogo na kumwekea kiganjani. Mengine yote alifanya yeye. Haukuwahi kumkatalia hata mara moja, na tangu ulipoanza zamu hakuna mwanamke aliyefia pale.

Kijiji kiliuzoea. Kikao kimoja kilijadili kama mkono nao uende shamba la kijiji kupalilia mihogo, kwa kuwa asiyefanya kazi asile. Mzee mmoja akajibu kwamba mkono wenyewe hauli, na hoja ikaanguka. Ramadhani ulifanya kazi kutwa bila kulegea, jambo ambalo baadhi ya wanaume walitakiwa walitafakari. Wanawake waliupaka mafuta ya nazi wakati wa upepo mkavu, na Ijumaa Bi Tatu aliukata kucha.

Bi Tatu mwenyewe lilimkera. Alikuwa na mikono yake miwili, mizima, yenye leseni, na kila siku ilibidi abebe wa tatu ili ufungue kabati lililokuwa hatua chache kutoka alipo. Hakulisema barazani. Alilisema jikoni akitwanga, na kwa sauti iliyowafikia waliokuwa barazani.

Masika yalipoanza, mama yake Kitwana alifariki Visiga. Asubuhi yake Kitwana alifika Mkongeni akiwa na matope hadi magotini, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shikamoo, dada Tatu."

"Marahaba. Pole, daktari. Habari tumeipata kwa watu wa treni."

"Nimekwisha kupoa." Alikuwa akiutazama mkono bakulini. "Nimekuja kuuchukua. Nitamtilia mama udongo kwa kushoto? Na watu wakija kunipa mkono wa pole, niwape nini?"

"Huwezi kuwapa kushoto."

"Tukishavunja matanga naurudisha."

"Mwanakheri wa Isihaka mimba yake imeshuka," alisema Bi Tatu. "Ni leo au kesho."

Kitwana aliuchukua ufunguo kutoka kati ya vile vidole na kuuweka juu ya meza, karibu na Bi Tatu. Wote wawili waliutazama. Mvua ilipiga bati kidogo, ikaacha. Halafu Kitwana aliuokota na kuutia mfuko wa shati, kwa sababu ufunguo na mkono havikutakiwa kutengana, na hilo ndilo jambo la kwanza Bwana Saburi alilotazama kila akija.

"Nisamehe, dada."

"Nenda ukamzike mama."

Alilisema kwa moyo mmoja, maana mfiwa haagwi kwa namna nyingine. Lakini Kitwana alipoondoka, akiwa amekwisha kuuvaa mkono, Bi Tatu alikaa kwenye kitanda cha wazazi, na hasira ilikuwa imemjaa.

Mwanakheri alikuwa mdogo wake marehemu mke wa Mwishehe. Tangu dada yake afe aliapa kwamba atazalia nyumbani, juu ya mkeka wake mwenyewe, na ni mkono wa zamu uliomfanya abadili nia. Alipoletwa kesho yake asubuhi, akiwa ameshikwa na mumewe upande mmoja na mama mkwe upande wa pili, kitu cha kwanza alichokitazama ni bakuli. Ndani yake mlikuwa na shashi tu.

"Uko wapi, shangazi?"

"Umekwenda msibani."

"Utarudi lini?"

"Wakivunja matanga."

Msiba ni msiba, hata kwa mwenye uchungu. Mwanakheri akapanda kitandani.

Mtoto alikuja adhuhuri, wa kike, akalia vizuri. Bi Tatu alimpokea kichwa kwa mkono wa kulia na mwili kwa wa kushoto kama alivyowapokea wengine wote. Kondo la nyuma lilitoka lote, mama mkwe akaondoka nalo kwenda kulizika ubavuni mwa nyumba. Ndipo damu ilipoanza. Haikuja kwa kishindo. Ilitoka taratibu, kama maji ya mtungi wenye ufa. Bi Tatu alimsugua tumbo, akamtoa mkojo, akamweka mtoto kwenye titi, akainua miguu ya kitanda kwa matofali. Damu haikujali. Akamwita Isihaka aliyekuwa nje.

"Panda baiskeli uende Visiga. Mwambie daktari auvue."

"Mama, yuko kwenye matanga."

"Najua yuko wapi. Nenda."

Isihaka alikwenda. Alianguka mara kadhaa kwenye utelezi, na alipofika Visiga alionekana kama mtu aliyetoka kuchimba kisima. Kitwana alikuwa amekaa mkekani mbele ya nyumba akipokea pole. Alipomwona Isihaka na yale matope hakuhitaji kuambiwa. Hapo hapo aliulegeza mkono wake kwenye kifundo, akaegemea nyuma ili uachane naye.

Lakini mkono ulikuwa umeshikwa. Mzee mmoja kutoka Mlandizi, rafiki wa marehemu baba yake, alikuwa ameukumbatia kwa viganja vyake viwili, amefumba macho, naye alikuwa ndio kwanza anaanza dua. Alimwombea marehemu. Akawaombea wazazi wa marehemu na wazazi wao, ndugu waliozikwa mbali, waliokufa njiani wakienda Hija, na waliokufa bila mtu wa kuwaombea. Katika nchi ile yote hakuna anayemkatiza mzee katikati ya dua ya maiti. Mtu angeona afadhali nyumba iungue. Watu wote walikuwa wamekinga mikono. Isihaka naye alipiga magoti na tope lote lile, akakinga yake, akaitikia amina kila ilipotakiwa. Machozi yalimtoka, na waliokuwa karibu wakasema huyu kijana alimpenda sana marehemu Bi Zubeda.

Mzee alipomaliza alijipangusa uso, akaukuta mkono umebaki mapajani mwake. Akampa Isihaka pamoja na ufunguo ambao Kitwana aliutoa mfukoni, na akampa pole na yeye.

Mkongeni, Mwanakheri alikuwa ameacha kunung'unika, na hilo lilimtisha Bi Tatu kuliko manung'uniko.

"Shangazi," alisema Mwanakheri, "mbona leo jua limezama mapema?"

Jua lilikuwa juu ya paa. Bi Tatu alitazama njia kupitia dirishani, na njiani hapakuwa na mtu. Alitazama kabati. Kisanduku cha sindano kilikuwa pale pale nyuma ya kioo, pembeni ya dawa ya macho. Alitazama na leseni yake ukutani, ndani ya fremu aliyoitengeneza marehemu mumewe. Alikuwa ameisomea akiwa na mtoto mgongoni, na ndiyo iliyowalisha wote wawili. Alijua atakachofanya na alijua kitakachofuata. Alikwenda jikoni nyuma ya zahanati, akarudi na mchi.

Kioo hakukigusa, chupa zilikuwa nyuma yake. Kufuli halikuvunjika, lilikuwa kufuli zuri la serikali. Ni pete ya komeo iliyong'oka pamoja na kipande cha mbao. Bi Tatu alichukua chupa, akavuta dawa, akamchoma Mwanakheri pajani, kisha akaweka kiganja juu ya tumbo lake na kungoja. Baada ya muda alihisi kizazi kinajikunja chini ya vidole vyake na kuwa kigumu kama dafu. Damu ikapungua. Ikakoma. Bi Tatu aliketi sakafuni akalia, na hakujua ni kwa furaha au kwa kumkumbuka yule mwingine ambaye kwake hakuthubutu.

Isihaka alifika akiwa ameuviringisha mkono kwenye kanzu ya kuazima. Aliuweka bakulini ukiwa umeshika ufunguo, akakimbilia kwa mkewe. Mkono ulitoka wenyewe bakulini, ukatambaa juu ya meza mpaka kwenye kabati, ukapapasa mbao iliyochanika na komeo lililoning'inia. Halafu uliweka ufunguo chini, ukamshika Bi Tatu kifundo cha mkono, na haukumwachia mpaka jioni.

Matanga yalipovunjwa Kitwana alikuja, akalitazama kabati.

"Tuseme nilikuruhusu," alisema.

"Hukuniruhusu, daktari. Ulikuwa unazika."

"Basi tuseme komeo lilikuwa bovu."

"Watamwuliza fundi, na fundi ana watoto." Bi Tatu alikuwa akikunja kanga zilizokauka. "Twende tu. Wakitaka kunisema, waniseme."

Kisarawe, Bwana Saburi aliwapokea vizuri. Aliuliza uzito wa mtoto na afya ya mama, akamshukuru Mungu, na alimshukuru kweli. Kisha alisema kwamba Bi Tatu amefanya jema na amefanya kosa, na jema lake Mungu atamlipa, kwa hiyo ofisi imebakiwa na kosa. Mkono uliofungua kabati la serikali bila ruhusa hauwezi kurudishwa karibu na kabati hilo. Itabidi ubaki hapa.

"Mkuu," alisema Kitwana, "si ingekuwa rahisi zaidi kumpa ruhusa?"

"Ingekuwa rahisi sana," alijibu Bwana Saburi, na uso wake ulikuwa na huzuni. "Lakini ruhusa haipo hapa. Mkono upo."

Bi Tatu aliuliza kuhusu leseni. Akaambiwa leseni ataendelea nayo, hakuna mwenye ugomvi na leseni yake. Aliuliza mkono utarudi lini. Akaambiwa ruhusa ikifika.

Wake ulitoka kwa shida kuliko wa Kitwana, kwa sababu ya bangili ya fedha aliyovishwa siku ya ndoa na ambayo haijawahi kuvuliwa. Karani wa ofisi, msichana aliyeitwa Stellamaris, alileta sabuni na maji. Bangili Bi Tatu alirudi nayo mfukoni. Mkono Stellamaris aliufunga kwenye kitambaa cheupe na kuondoka nao chumba cha pili. Njia nzima ya kurudi Kitwana alimbebea Bi Tatu kikapu kwa mkono wake wa kulia, akitembea nyuma yake.

Kabati lilitiwa komeo jipya. Jumatatu Kitwana aliuacha mkono kama kawaida, akapanda baiskeli. Bi Tatu aliendelea na kazi kwa mkono wa kushoto, na palipohitajika wa kulia aliutoa wa Kitwana bakulini. Mwanzoni ulikuwa mzito na wenye woga. Aliuweka chini ya kichwa cha mtoto, akauzuia usikaze, nao ukajifunza kidogo kidogo. Wazazi walisema ulikuwa baridi kwanza, halafu unapata joto. Kitwana naye, akiwa mbali ng'ambo ya reli, baiskeli ikipiga mashimo, mara nyingine alihisi nywele zilizolowa za mtoto kwenye kiganja ambacho hakikuwepo. Alisimama kando ya njia akangoja mpaka mtoto azaliwe, ndipo akaendelea.

Binti wa Mwanakheri aliitwa Mwanaamina. Alipojua kutembea na kusema maneno yanayoeleweka, mama yake alimvisha gauni la Idi na kumpeleka kwa Bi Tatu, maana kwao mtoto hupelekwa kumwamkia mkunga wake, akabusu mkono uliomgusa kabla ya mkono mwingine wowote duniani.

"Mkono uliompokea haupo hapa," alisema Bi Tatu. "Wa kushoto ulimshika mwili tu. Mkitaka hasa, nendeni Kisarawe."

Walikwenda. Walilala kwa ndugu njiani, na saa nne wakawa mbele ya meza ya Stellamaris, ambaye sasa alikuwa mtu mzima kidogo na amevaa miwani.

"Mmekuja kuchukua au kusalimia?" aliuliza.

"Kusalimia."

"Maana kuchukua bado."

Aliwaingiza chumba cha pili, akachagua ufunguo, akavuta droo ndefu ya chini. Mwanakheri alidhani ataona mkono mmoja. Ilikuwa mingi, imepangwa juu ya kitambaa cheupe, yote ya kulia, yote ya wanawake. Mingine ilikuwa na hina iliyofifia, mingine na makovu ya moto wa jikoni. Mmoja ulikuwa mwembamba, wa msichana ambaye huenda hakumaliza hata mwaka kazini. Mwanakheri alitafuta alama ya bangili, na iliyokuwa na alama ya bangili haikuwa mmoja.

"Ni ya akina nani hii?"

"Ya wakunga," alisema Stellamaris. "Wa zahanati za huku na huku."

"Wote walivunja makabati?"

"Baadhi walivunja. Wengine waliandika tu kuomba ruhusa."

Mwanaamina alishika ukingo wa droo akachungulia. Hakuna aliyeugusa mkono wowote, lakini mtoto alipoinama, mikono yote ilijigeuza viganja juu, vidole vimeachana kidogo, mmoja ubavuni mwa mwingine, vile wakunga wanavyokinga kichwa kinapoonekana.

Mwanakheri alitazama.

"Waamkie wote, mwanangu."

Mtoto alianzia mwisho wa kulia. Aliushika wa kwanza, akaubusu, akasema shikamoo. Akaubusu wa pili, akasema shikamoo. Stellamaris hakuwa mtu wa pwani na kwao hawaamkii hivyo, lakini alisimama na ufunguo wake akangoja, hata kengele ya chakula ilipolia. Mwanaamina alipokwisha kuuamkia wa mwisho kabisa, ule uliokuwa kwenye kona, Stellamaris aliisukuma droo ndani taratibu kwa mikono miwili, akiangalia asibane vidole.